Kitenzi Alichookota Mama

Kazini kwangu hapa Mbarara naandika barua kutwa kucha. Barua za kuomba, za kukumbusha, za kumkatalia mtu kwa adabu. Na karibu kila moja, hata ile ya kumwambia mtu kwamba ombi lake limetupwa, lazima imalizike kwa maneno yale yale ya Kiingereza, "look forward to". Tunatazamia kwa hamu kupata jibu lako. Uongo mtupu! Nani anatazamia? Bosi wangu akishatia sahihi hata jina la mwenye barua halikumbuki. Kila nikiyapiga maneno hayo kwenye kompyuta, puani napata harufu ya mahindi ya kuchoma na vumbi jekundu la kambi ya Nakivale, nami hujikuta nasema kwa sauti, mpaka mwenzangu wa meza ya pili ananigeukia: "Jamani, haya maneno yana mwenyewe!"

Mwenyewe ni mama yangu. Aliyapata kanisani, mchana wa Alhamisi, kutoka ndani ya kofia.

Ninyi mliokulia kambini wakati wetu mnajua Kiingereza kilivyotufikia. Kilikuja kwa vipande. Tulikisoma kwenye magunia ya unga, kwenye makopo ya mafuta, kwenye fulana za watu ambao hawakujua wamevaa nini vifuani. Hakuna aliyekuwa na haraka nacho mpaka wazazi wetu walipogundua kwamba Uganda huwezi kuuliza njia kwa Kifaransa. Ndipo Mwalimu Eliya akafungua darasa la watu wazima katika kanisa letu la udongo, lenye paa la turubai na mabenchi ya magogo. Ubao ulikuwa mlango wa zamani uliopakwa unga mweusi wa betri zilizokwisha. Sisi watoto tuliruhusiwa kukaa nyuma kwenye mkeka, mradi tusicheke.

Mwalimu Eliya alikuwa amefundisha kwa Kifaransa huko kwetu Kongo, Fizi, miaka mingi, na Kiingereza alikuwa anajifunza mwenyewe, wiki moja mbele ya wanafunzi wake. Kitabu chake hakikuwa na jalada wala mwanzo. Kurasa za kwanza ziliishia njiani, sijui kwa kuwashia moto au kwa kufungia chumvi. Kwa hiyo hatukusoma salamu, wala siku za juma, wala habari za meza na kiti. Kitabu kilianzia pale kwenye vitenzi vya Kiingereza vinavyotembea na mkia: kitenzi unachokijua, halafu kinafungiwa neno dogo nyuma, na ghafla maana imehama nyumba. Mtu mwingine angelia. Yeye alifurahi. "Bengine banaanzia mulangoni," alisema. "Sisi tunaanzia jikoni."

Aliandika kila kitenzi kwenye kipande cha karatasi, akavitia vyote kofiani, kila mtu mzima akaokota kimoja. Hicho ndicho chako, alisema, ukilee kama mbuzi. Na kufikia Alhamisi ya mwisho ya darasa kila mmoja awe amesimama mbele na kusema sentensi moja yenye kitenzi chake. Yeye hakusema sentensi, alisema fraze, na mpaka leo sisi wa kijiji kile tunasema fraze.

Palikuwa na masharti mawili. La kwanza, fraze iwe ya kweli, bila uongo, ambao sisi tunauita bongo. "Bandugu," alituambia, na hapo alivua miwani, kwa hiyo tulijua ni jambo zito, "humu ndani hatusemi bongo. Mutu asiseme iko na motokari, na hata baskeli hana. Tumepoteza vitu mingi. Kingereza yetu hatutaijaza na bongo." La pili, msemaji awe na shahidi. Ilikuwa kama ushuhuda wa Jumapili, ila Jumapili hakuna anayekuuliza shahidi yuko wapi.

Mama Bahati, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alikuwa ameokota "give up", kuacha kitu kabisa. Akasimama wiki ya pili tu, amejifunga kitenge cha sikukuu, akatangaza kwa Kiingereza chenye kishindo kwamba ameacha ugoro. Shahidi ni mume wake. Mume akasimama, akamtazama mke wake, akatazama turubai la juu, akakuna kichwa. "Mwalimu," akasema, "tumupatie wiki ingine." Tulicheka mpaka tukafukuzwa mkekani.

Mama yangu aliokota karatasi yenye maneno matatu, wakati wengine wote walikuwa na mawili. Mimi nilivimba kichwa siku nzima. Nilizunguka kijiji nikiwaambia watoto wenzangu kwamba chetu ni kirefu.

Mwalimu alikieleza kitenzi hicho kwa muda mrefu kuliko vyote. Alisema "look" ni kutazama, lakini hapa macho hayana kazi. Ni moyo wako unatangulia mbele kukipokea kitu ambacho bado hakijafika. Hakitumiki kwa jambo baya. Hakuna anayetazamia hivyo kuchapwa fimbo. Tena si sawa na kungoja. Mtu anaweza kungoja foleni ya mahindi huku amenuna, anatukana kimoyomoyo. "Kungoja ni kazi ya matako," Mwalimu akasema, na wamama wakajiziba midomo kwa vitenge. "Hii ni kazi ya moyo." Halafu akamgeukia Mama. "Basi, Mama Sifa. Moyo yako inatangulia wapi?"

Mama akasimama. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Akafikiri, akafikiri tena. Kisha akasema kwa Kiswahili chetu, bila haya wala huzuni ya kuonekana, "Mwalimu, haiendi popote. Iko hapa hapa inakaa." Akaketi.

Lazima niwaambie kwa nini jambo hilo lilikuwa kubwa. Masista wa Nyamitanga, hapa Mbarara ng'ambo ya mto Rwizi, walikuwa wanatafuta wanawake wawili kutoka kambini wa kushona sare za shule. Wangepata mahali pa kulala, chakula, na kila mmoja cherehani yake ya kufanyia kazi. Sista aliyesimamia ushonaji hakujua Kiswahili hata cha kuombea chumvi, kwa hiyo alitaka wanaoelewa Kiingereza kidogo, na Mwalimu Eliya ndiye angewaandikia barua. Naye alikuwa amesema wazi: asiyetoa fraze yake, hapati barua. Na katika kijiji chote hapakuwa na mkono kama wa Mama. Cherehani yake ilibaki Uvira siku tulipokimbia, lakini mshono wake wa sindano ya mkono ulinyooka hivi kwamba watu waligeuza nguo ndani nje kutafuta mashine ilipopita. Nilimkumbuka Uvira akiiendesha ile cherehani, mguu juu ya pedali, akiimba bila maneno. Tangu tufike Nakivale hakuwa ameimba. Nilitaka Mama apate cherehani. Sikutaka kitu kingine duniani, hata viatu.

Mama Bahati aliona ni jambo dogo. Alikuja kwetu jioni ile ile, akaketi juu ya dumu la maji, akasema, "Mama Sifa, sema unatazamia mbinguni. Nani atakukatalia? Na shahidi ni Mungu mwenyewe."

"Mbinguni nitaenda," Mama akajibu, akichambua maharage. "Lakini si na haraka hiyo. Niko na mutoto."

"Basi sema mavuno."

"Mavuno yanakuja, nitayala. Moyo haiko nayo."

"Eh, weye mwanamuke! Si useme tu bongo kidogo!"

"Ndani ya nyumba ya Mungu?" Mama akasema, na hapo mazungumzo yakaisha. Mama hakuwa mtu wa kubembelezwa. Alipokwenda Mama Bahati, nilimwuliza kwa nini hatazamii kitu. Akaniambia ukweli, jinsi alivyoniambia kila kitu tangu baba yangu azikwe. "Kila kitu nilichokitazamia sana, kiliondoka. Baba yako, nyumba, ile mashine. Basi nimeacha. Nikiamka na weye uko muzima, nashukuru, napika."

Mimi, kwa akili ya miaka tisa, nilielewa vibaya kabisa. Nilidhani ni upungufu wa bidhaa. Nilidhani Mama angepata kitu kimoja tu kizuri cha kutazamia angekisema, barua ikaandikwa, cherehani ikapatikana. Nikaanza kumtafutia kama mtu anayetafuta kuku aliyepotea. Nikamwambia mvua inakuja. Akaniambia mvua haihitaji msaada wake. Nikamwambia Jumamosi tutakula sombe ya majani ya muhogo na ndagala, wale dagaa wa kwetu. Akauliza hao ndagala wametoka ziwa gani, maana hapa Nakivale hajawaona. Nikamwambia ng'ombe wa mzee mmoja mwenyeji, ng'ombe yule mwenye pembe kama milango, karibu atazaa. Akanitazama. "Sifa, weye uko na homa?"

Zilikuwa zimebaki wiki mbili. Ndipo nikadanganya.

Nilirudi kisimani na dumu kichwani, na kabla sijalitua nikasema nimekutana na Mugisha. Mugisha alikuwa Mnyankole, mwendesha boda boda aliyebeba watu na mizigo kutoka barabara kubwa. Nikasema Mugisha ameniambia kuna barua ya Mama imefika Mbarara kutoka Uvira, kwa mama mdogo Esteri, na itakuja na lori wiki hii au ijayo, hajui siku. Maneno yalitoka kwa mfululizo mmoja, nilishangaa mwenyewe yalivyopangika.

Mama akaacha kusonga ugali. Esteri alikuwa mdogo wake wa mwisho, aliyempenda kuliko wote, na tulikuwa hatujasikia habari zake tangu tuondoke. "Barua ya Esteri?" aliuliza. Uso wake, sijui niseme nini. Uliondoka mahali ulipokuwa. Aliosha miguu, akapaka mafuta, akafunga kitambaa safi, akanishika mkono, tukaenda barabarani.

Ilikuwa mwendo wa nusu saa. Malori ya Mbarara yalisimama kwenye miti ya mikaratusi, karibu na mwanamke aliyechoma mahindi. Magharibi ile hapakuja barua, bila shaka. Palikuja lori la simenti na jingine la mikungu ya ndizi. Mama alinunua hindi moja, akalivunja vipande viwili, akanipa kile kikubwa, tukarudi tukitafuna. Njiani akaniambia Esteri alivyokuwa mtoto: alivyomeza kifungo cha shati la mchungaji, wakamngoja siku mbili kwa ungo. Mama akacheka. Si tabasamu, alicheka kwa tumbo, akasimama njiani akijishika kiuno. Nami nikacheka, na huku nimeshaanza kuogopa.

Kesho yake tukaenda tena. Na kesho kutwa. Nilidhani atachoka, lakini kazi za nyumbani alianza kuzimaliza mapema, na jua likiinama kidogo tu alikuwa mlangoni. "Sifa, twende." Tuliketi kwenye gogo lile lile. Ng'ombe wa wenyeji walipita na vumbi lao, korongo wakitembea jalalani kama mahakimu, na Mama akasimulia. Sikuwahi kujua kwamba mama yangu alipigana na mvulana kwa sababu ya embe, wala kwamba baba yangu alimchumbia kwa kuleta suruali moja kushonwa mara tano. "Ilikuwa haijachanika hata fasi moja," alisema. "Aliichana mwenyewe nyuma ya nyumba." Kwa siku zile chache nilimpata baba yangu kuliko nilivyompata akiwa hai.

Siku ya tatu nilitumwa kuleta mahindi, na nilipogeuka nikamwona Mugisha amesimamisha pikipiki yake mbele ya Mama, wanazungumza. Nilibaki pale kwa mchoma mahindi mpaka akaniuliza kama nimegeuka mti. Lakini nilipofika, Mugisha alikuwa ameshaondoka, na Mama akasema tu, "Umechelewa, Sifa. Leta yangu, ingali moto?" Hakuniuliza lolote. Nikashusha pumzi, nikaona nimeokoka. Mtoto akiokoka hafikirii zaidi.

Lakini usiku nililala macho wazi. Kwa sababu Mama alikuwa amepona, hivyo ndivyo nilivyoona, na dawa ilikuwa uongo wangu. Mama aliimba akiosha vyombo. Alimwambia Mama Bahati kwamba fraze anayo, atatoa Alhamisi. Nilijua ni ipi. Angesimama mbele ya kanisa zima, yeye ambaye hakukubali kusema bongo hata kidogo, na angeapa kwamba anatazamia barua ya mdogo wake. Mimi ndiye ningekuwa nimemtia huo uongo mdomoni, ndani ya nyumba ya Mungu. Na siku barua isipofika kabisa, Esteri naye angeingia kwenye orodha ya vitu vilivyoondoka. Mara tatu nilifungua mdomo nimwambie. Mara tatu alikuwa anacheka, nikaufunga.

Alhamisi ya mwisho kanisa lilijaa mpaka madirishani. Mama Bahati alipata fraze yake mara hii. Mume wake alishuhudia kwamba ni siku tisa, na kwamba si rahisi kuishi naye. Wakapiga makofi. Mzee mmoja aliyeokota kitenzi cha kupatana na watu alimleta shahidi jirani yake waliyegombania mbuzi, na wakagombana tena pale pale juu ya ile siku waliyopatana. Mwalimu akawapitisha wote wawili kwa uchovu. Kisha akasema, "Mama Sifa."

Mama akaenda mbele. Alikuwa amevaa gauni lake la bluu. Akashika mikono yake kifuani, akavuta pumzi, akaanza, polepole, "I look forward to..."

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka tu sauti yangu ikitoka juu kama ya mbuzi aliyekanyagwa. "Mama, usiseme! Barua haiko! Ni mimi nilisema bongo! Mugisha hakusema kitu!"

Mtu fulani akasema "Yesu!" Mama Bahati akafunika uso kwa kitenge lakini akaacha jicho moja nje. Mimi nililia kwa kamasi na yote, nikingoja paa lianguke.

Mama alinitazama. Hakukunja uso. "Nilijua tangu siku ya tatu," akasema. "Nilimuuliza Mugisha. Akaniambia, 'Nyabo, barua gani? Mimi hapana jua barua.'" Alimwigiza Mugisha vizuri mpaka watu wakaanza kucheka. "Sasa kaa chini, Sifa. Sijamaliza fraze yangu."

Nikakaa. Naye akarudi mwanzo, akainyoosha sauti, akasema yote kwa Kiingereza: "Every evening I look forward to going to the road with my daughter."

Kwa sisi wa mkekani Mwalimu Eliya aliitafsiri. Aliitafsiri mara mbili, na mara ya pili alivua miwani. Kwamba kila magharibi, moyo wa mwanamke huyu unatangulia kwenda barabarani na binti yake. Barua haikuwemo. Siku zile zote baada ya siku ya tatu, alipoosha miguu na kupaka mafuta, alipomaliza kazi mapema, alipokuwa mlangoni ananiita, hakuwa anaendea barua. Alijua haiko. Alikuwa ananiendea mimi.

"Ni kweli?" Mwalimu akauliza, maana masharti ni masharti.

"Ni kweli."

"Na shahidi?"

Mama akaninyooshea kidole mkekani. "Ni yule. Mwongo wangu."

Hapo pakatokea ubishi mkubwa. Mzee wa mbuzi alisimama kusema kwamba shahidi aliyekiri uongo mbele ya watu hawezi kushuhudia tena siku hiyo hiyo. Mama Bahati akamjibu kwamba mtu aliyekiri ndiye msafi kuliko wote humu, pamoja na wewe mzee. Mume wa Mama Bahati akasema neno lisilosikika. Mwalimu aliwaacha, kisha akavaa miwani yake, akaniita mbele. Nikaenda, pua inatiririka. Akainama mpaka uso wake ukawa mbele ya wangu, akaniuliza taratibu, "Sifa, ulimuona mama yako akienda na furaha?" Nikasema nilimwona. "Kila siku?" Kila siku, nikasema. Hata siku ya mvua, tulijifunika gunia. "Basi," akasema, na akainua mkono juu, na kanisa zima likapiga makofi ya kilokole, yale yasiyoisha mpaka mikono iwake.

Msidhani nilipona. Tulipofika nyumbani Mama alichukua mwiko, akanipa miwili matakoni, mmoja wa uongo, alisema, na mmoja wa kumtumia Esteri ambaye hakuwepo kujitetea. Nilistahili yote miwili. Halafu akarudisha mwiko chunguni, akaosha miguu, akapaka mafuta, akaniuliza nimesimama hapo nafanya nini, tunachelewa.

Barua ya Mwalimu ilikwenda Nyamitanga, na masista wakamkubali. Mama, Mprotestanti wa kuzaliwa, akaenda kukaa kwa Wakatoliki, na Mama Bahati akamwonya asirudi na rozari. Angekuwa kule Jumatatu mpaka Jumamosi, nami ningelala kwa Mama Bahati, ambaye kwa kuacha ugoro alikuwa mkali kuliko nyuki. Jumatatu ile nilimsindikiza Mama mpaka kwenye lori. Nilikuwa nimepata kitu kile kile nilichokitaka, cherehani ya Mama, na nililia njia nzima kurudi, kwa hasira, kwa kuwa hakuna aliyeniambia kwamba cherehani inakaa mbali.

Wiki ile ilikuwa ndefu mpaka Jumatano. Sijui kilichobadilika Jumatano. Nilikuwa nachota maji, na ghafla nikakumbuka kwamba siku zimebaki tatu, na kitu ndani ya kifua kikaruka. Alhamisi kikaruka tena. Ijumaa sikuweza kula. Mama Bahati alinigusa paji la uso, akaona sina homa, akatikisa kichwa. Sikuwa nangoja. Kungoja nilikujua, nilikuwa nimekaa kwenye foleni tangu nikiwa mtoto wa mgongoni. Hiki kilikuwa kitu kingine, kilikuwa kitamu, na nilijua jina lake.

Jumamosi saa nane mchana nilikuwa barabarani, na lori linafika saa kumi na moja. Nilisimama, nikaketi, nikasimama. Likaja mwisho, limejaa watu na magunia mpaka juu, na kati ya watu nikaona mguu mrefu ukitafuta mahali pa kukanyaga, kisha gauni la bluu, kisha Mama mzima, na utepe wa kupimia nguo unaning'inia shingoni kama fundi wa mjini. Akashuka, akatua mfuko, akageuka huku, akageuka kule, ananitafuta. Nilikuwa hatua kumi tu kutoka kwake. Furaha ilinijaa mpaka nikaogopa kuimaliza. Nikachutama nyuma ya gunia la mkaa, nikajiziba mdomo kwa mikono miwili, nipate kumtazamia Mama dakika moja zaidi.